Mizani ya Kimya

Neno mizani halihitaji kufasiriwa mbele ya mpenzi wa ushairi. Mshororo wa shairi la kawaida huwa na mizani 16: nane za ukwapi na nane za utao, na baina yake pana mahali ambapo sauti hupumua kidogo kabla ya kuvuka. Msikilizaji aliyelelewa katika ushairi hazihesabu mizani hizo kwa vidole. Anazijua kwa sikio, na khasa anazijua zinapokosekana. Malenga akipunguza moja, au akizidisha moja, baraza zima hushtuka kabla hata maana ya maneno haijawafikia. Zikitimia, hakuna anayezitaja. Basi kuhesabu mizani ni kazi ya ajabu miongoni mwa kazi za sanaa: ikifanywa sawasawa, huonekana kama haikufanywa.

Ipo mizani nyingine yenye tabia hiyo hiyo, nayo hupimwa mbali na mabaraza ya washairi, juu ya meza iliyojaa nyaya na harufu ya risasi iliyoyeyuka. Ni mizani ya fundi wa vyombo vya sauti, anapoifungua amplifaya ya gitaa la besi na kutaka kujua iko katika hali gani wakati hakuna anayepiga. Kazi hiyo hufanyika popote palipo na muziki wa umeme, Unguja na Pemba, Mombasa na Dar es Salaam. Hapa itafuatwa hadi Nyamagana, bara, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria.

Nyamagana ndiyo wilaya yenye katikati ya jiji la Mwanza. Mgeni atokaye pwani hufika huko akitazamia ziwa, lakini kinachomshangaza kwanza ni mawe. Miamba mikubwa ya matale imekaa juu ya miamba mingine, mahali pengine kwa kugusana kidogo tu, kama kwamba kuna mtu aliyeipanga kisha akaondoka bila ya kuaga. Jiwe la Bismarck, ambalo ndilo nembo ya mji, limesimama ndani ya maji kwa mpango huo huo. Halikufungwa kwa kamba wala saruji, limesimama kwa mizani tu. Na katikati ya mji upo mtaa wa Makoroboi, uliopata jina lake kutokana na koroboi, zile taa ndogo za mafuta zilizotengenezwa kwa makopo na mabati chakavu. Mji uliouita mtaa kwa jina la kazi ya mikono ya namna hiyo haukosi watu wanaoamini kwamba kitu kilichotupwa bado kina kazi ndani yake.

Miongoni mwa watu hao yumo mzee mmoja fundi redio, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Alianza na redio za transista, akaingia katika vinasa sauti vya kanda, kisha televisheni, na uzeeni vijana wa muziki wakamgeuza kuwa tabibu wa amplifaya zao. Hapana ajabu katika safari hiyo. Gitaa la besi la umeme lenyewe lina nasaba na mafundi redio. Leo Fender, Mmarekani aliyeanza kuuza besi yake mwaka 1951, alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, wala hakuwa mpigaji gitaa. Alikuwa mtu wa kufungua masanduku na kuona nini kimeharibika.

Wapenzi wa taarab wanaijua besi kwa njia yao. Katika vikundi vya Unguja dobelbesi imesimama kwa miaka mingi nyuma ya fidla, udi na kanuni, ikichapwa kwa kidole, na wasikilizaji wengi huondoka ukumbini wakisifu sauti ya mwimbaji bila ya kujua kwamba ni besi iliyoishika sauti hiyo isianguke. Taarab ya kisasa ilipokuja na kinanda cha umeme, gitaa la besi likachukua nafasi hiyo. Chombo kimebadilika, lakini hatima ya mpigaji haikubadilika: akiwepo hatajwi, akikosekana nyumba nzima hutikisika.

Besi ina mahitaji yake. Waya mnene wa gitaa la kawaida la besi lenye nyaya nne hutikisika mara 41 kwa sekunde. Mtikisiko wa polepole namna hiyo hausikiki vyema mpaka spika isukume hewa nyingi, na ili kuisukuma hewa hiyo ni lazima iende mbele na nyuma kwa masafa marefu kuliko inavyofanya kwa sauti ya mwimbaji. Ndiyo maana amplifaya ya besi huwa nzito, yenye wati nyingi, na ndiyo maana kosa dogo ndani yake huwa na nguvu nyingi nyuma yake.

Katika amplifaya nyingi za transista, kazi ya mwisho ya kuisukuma spika hugawanywa baina ya pande mbili. Transista za upande mmoja hubeba nusu ya juu ya wimbi la sauti, na za upande wa pili hubeba nusu ya chini. Msomaji akipenda, auite upande wa kwanza ukwapi na wa pili utao. Ukwapi ukimaliza sehemu yake, utao hupokea. Kwa waya ule mnene wa besi, kupokezana huko hutokea mara 82 katika kila sekunde.

Taabu iko pale pa kuvukia. Transista ya silikoni haiamki kwa amri ndogo. Hudai kiasi cha volti 0.6 kabla ya kuanza kupitisha umeme wa maana. Ikiwa pande zote mbili zimeachwa katika usingizi mzito, wimbi likifika katikati halimkuti mtu mlangoni. Kwa muda mfupi sana sauti hukosa wa kuibeba. Sauti kubwa huuficha upungufu huo, lakini noti laini inayofifia huanza kukwaruza, mfano wa msomaji wa shairi aliyeshikwa na kikohozi baina ya ukwapi na utao katika kila mshororo.

Dawa yake ni kuzifanya transista za pande zote mbili zilale nusu macho. Umeme kidogo huachwa upite ndani yake hata pasipo na sauti yoyote, ili wimbi likija lipokewe pale pale. Umeme huo wa kusubiri mafundi huuita bayasi. Ukipunguzwa mno, sauti hukatika pa kuvukia. Ukizidishwa mno, transista hupata joto bila ya kufanya kazi yoyote; na silikoni ina tabia ya hatari, kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi moja, zile volti inazodai hupungua kwa kiasi cha milivolti 2. Kwa hiyo transista iliyopata joto hupitisha umeme zaidi, umeme huo huizidishia joto, na joto huongeza umeme tena. Moto unajichochea wenyewe. Watengenezaji huweka transista ndogo ya ulinzi ikigusana na bati la kupoozea, ili ihisi joto na kupunguza bayasi kwa wakati. Fundi aliyeifungua na kusahau kuirudisha mahali pake ameacha moto nyuma yake.

Kuipima bayasi si kazi ngumu kwa mwenye mita na subira. Kwenye njia ya kutokea umeme, baada ya transista za mwisho, huwekwa rezista ndogo sana, aghalabu ya omu 0.22 au 0.33. Fundi hugusa ncha zake mbili kwa mita na kusoma. Akiona milivolti 10 juu ya rezista ya omu 0.33, anajua kwamba miliampea 30 zinapita. Katika amplifaya iliyosimama baina ya volti 50 za juu ya sifuri na volti 50 za chini yake, miliampea 30 huzaa joto la wati 3 kwa kila jozi ya transista, na bati la kupoozea huwa vuguvugu tu. Zikiwa miliampea 300, joto hufika wati 30 ilhali hata noti moja haijapigwa. Kila chombo kina kipimo chake kilichowekwa na mtengenezaji, na fundi mwaminifu huutafuta mchoro kabla ya kukizungusha kile kiskrubu kidogo cha kurekebishia. Tena hukizungusha taratibu, akianzia chini.

Katika amplifaya za valvu mambo yana sura nyingine. Ampeg SVT, iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na kiasi cha wati 300, ni mfano unaojulikana na wapiga besi wa dunia nzima. Ndani ya vyombo vya aina hiyo mna mamia ya volti, na kapasita zake zaweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Mafundi wengi wa zamani hujizoesha kutia mkono mmoja mfukoni wanapopima, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Lakini valvu zina rehema moja: baina yake na spika hukaa transfoma, na transfoma haipitishi mkondo mnyoofu. Amplifaya nyingi za transista hazina ukuta huo. Kilichoko ndani, kiwe kizuri au kibaya, kina njia ya moja kwa moja hadi kwenye spika.

Hapo ndipo kinapokuja kipimo cha pili, ambacho mafundi hukiita kwa kifupi disii ya spika. Sauti ni umeme unaokwenda na kurudi, unaopanda juu ya sifuri na kushuka chini yake kwa haki sawa. Sauti isipokuwepo, mahali inapofungwa spika panapaswa kubaki kwenye sifuri. Sifuri kamili ni nadra kupatikana. Milivolti chini ya 20 ni afya njema, hata 50 kwa kawaida huvumilika, na zikizidi 100 fundi hana budi kuanza kuuliza maswali. Kupima huko hufanywa spika ikiwa imefunguliwa, kitufe cha sauti kikiwa kimeshushwa chini kabisa, na mita ikiwa imewekwa kwenye mkondo mnyoofu.

Hesabu yake ni nyepesi. Koili ya spika iliyoandikwa omu 8 ikipimwa kwa mita husoma kiasi cha omu 6. Milivolti 50 zitapitisha humo miliampea 8, na hizo haziunguzi kitu. Lakini transista moja ya mwisho ikifa kwa kufunga njia, volti zote 50 humwagika kwenye koili: ampea zaidi ya 8, joto la zaidi ya wati 400, juu ya waya mwembamba uliotengenezwa utikisike na kupozwa na mwendo wake. Sekunde chache hutosha. Na baina ya milivolti 50 na volti 50 pana uwanda mpana wa maradhi ya polepole, ambapo spika husukumwa upande mmoja na kubakia huko imeinama. Besi ikija, haina nafasi sawa ya kwenda na kurudi. Hugonga mwisho wa upande mmoja huku koili ikizidi kupata joto.

La kutisha ni kwamba mkondo mnyoofu hauna sauti. Sikio husikia kinachobadilika, na huu haubadiliki. Chombo kikiwashwa huenda ukasikika mshindo mmoja mdogo, kisha basi. Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo mkuu, na fundi wa amplifaya anaweza kuyathibitisha maneno hayo kwa mita.

Siku moja kijana mpiga besi alifika kwa yule mzee akiwa na amplifaya yake juu ya bajaji. Alikuwa wa kikundi cha vijana wanaopiga kwenye harusi na sherehe, na chombo kilikuwa kimenunuliwa kwa michango ya wote. Katika miezi minne kilikuwa kimekwisha kuunguza spika tatu. Hapo mwanzo wenzake walilaumu spika, kwamba za siku hizi hazidumu. Baada ya ya pili walianza kumtazama yeye. Baada ya ya tatu walisema waziwazi: anafungua sauti kupita kiasi, anapiga kwa fujo, anatafuta sifa kwa mali ya watu. Kiongozi wao akampa maneno mawili ya kuchagua, ama ainunue ya nne kwa fedha zake, ama ampe mwingine gitaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Inaumwa nini?”

“Yenyewe haiumwi, mzee. Spika ndiyo imekufa. Naomba uniwekee nyingine, Jumamosi tuna harusi.”

“Hiyo itakuwa ya ngapi?”

“Ya nne.”

Mzee hakuishika spika. “Kitu kilichokula spika tatu,” alisema, “hakijashiba.”

Aliifungua amplifaya, akaiunganisha na umeme kupitia balbu ya zamani ya wati 100, ile yenye waya ndani. Desturi hiyo inajulikana na mafundi wengi. Ikiwa ndani ya chombo kuna mahali palipofunga, balbu huwaka kwa nguvu na kuibeba yenyewe ghadhabu ya umeme, badala ya kuziachia transista. Ikiwa hapana, huwaka mara moja wakati kapasita zinajaa, kisha hufifia. Balbu ilififia. Mzee akaiondoa njiani, akaiwasha amplifaya kwa umeme kamili, akaweka mita mahali pa spika. Ilisoma milivolti 14.

“Si nzima hiyo, mzee?”

“Nzima ya baridi.”

Baada ya dakika 10 zilikuwa milivolti 19. Kijana alitazama saa, akaomba kwa adabu aruhusiwe kuondoka na chombo chake, kwani mtu wa bajaji anamsubiri. Mzee akamwambia amruhusu mtu wa bajaji aende. Walikaa. Hakuna aliyepiga chochote, hakuna kilicholia. Mji ulikuwa na kelele zake nje, na ndani ya kibanda watu wawili walikuwa wakikitazama kioo kidogo chenye tarakimu. Dakika ya 25 tarakimu zilisoma milivolti 310. Kuanzia hapo hazikungoja tena. Zilipofika volti 4, katika dakika ya 31, mzee alinyoosha mkono na kuzima.

Chanzo kilikuwa kidogo kama punje ya mchele. Mlangoni mwa amplifaya za namna hiyo husimama transista mbili ndogo, pacha, ambazo kazi yake ni kulinganisha kinachoingia na kinachotoka na kukirudisha kwenye sifuri kila kinapokengeuka. Moja kati ya hizo ilikwisha kubadilishwa na mtu mwingine zamani, ikawekwa isiyolingana na mwenzake, tena ilikuwa ikivuja inapopata joto. Na karibu yake palikuwa na rezista inayochemka. Katika dakika za mwanzo pacha hao walisikilizana. Joto lilipoingia, mmoja alianza kusema uongo, na chombo kizima kikamfuata. Ndiyo maana spika hazikufa wakati wa kujaribu, zikafa usiku, katikati ya harusi, wakati kila mtu anamtazama mpiga besi.

Mzee alizitafuta transista mbili, akazipima mpaka akapata zinazolingana, akaziweka zikiwa zimegusana ili zipate joto pamoja, na ile rezista akaisogeza juu ya ubao. Alizikagua pia transista za mwisho, kwa kuwa aina zinazotumika sana, mfano wa 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, zimeghushiwa sana duniani, na iliyoghushiwa huweza kufanana na ya kweli katika kila kitu isipokuwa kazi. Kisha akawasha, wakakaa tena. Milivolti 8. Baada ya dakika 40, milivolti 8. Bayasi aliiweka baada ya joto kutulia, kwa sababu bayasi iliyowekwa chombo kikiwa baridi haijui kitakachotokea kikipata moto.

Kisha alichukua kipande cha karatasi, akaandika tarakimu za kwanza na za mwisho na dakika zake, na chini yake akaongeza kwamba kosa halikuwa la mpigaji. Kijana aliipeleka karatasi hiyo kwa kiongozi wake. Milivolti huenda hazikueleweka, lakini mstari wa chini ulieleweka.

Kisa hiki kina jambo la kufikiriwa na kila mwenye kazi inayofichika. Transista zilizobadilishwa zilikuwa za bei ndogo. Kilichomwokoa kijana na aibu ni ile nusu saa ya kukaa kimya, na nusu saa hiyo haina duka inakouzwa wala bei iliyozoeleka. Mteja hukubali kulipia spika, kwani ataibeba. Hukubali kulipia transista, kwani ataiona. Akiambiwa alipie kusubiri, huuliza amefanyiwa nini. Kwa hivyo mafundi wengi, ambao nao wana watoto na kodi ya kibanda, huacha kusubiri. Huweka spika mpya, hupiga noti mbili, husikia sauti nzuri, hupokea fedha. Hawakudanganya, walichokisikia kilikuwa kizuri kweli. Ila kosa lenyewe halikuwa katika vitu vinavyosikika.

Na katika pengo hilo ndimo binadamu wanapolaumiwa. Chombo kikiharibika bila ya sababu inayoonekana, watu hutafuta sababu yenye uso. Kijana alikuwa nao. Laiti mita isingewekwa, angetoka katika kikundi akiwa na jina la mharibifu, na baada ya miezi miwili mpigaji mwingine angechukua gitaa, aunguze spika ya tano, naye asijue amerithi nini.

Mwanza ni mji unaoujua uzito wa neno kuinama. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikija Mwanza kutoka Bukoba ikiwa na watu kupita kiasi, ilipinduka ikiwa si mbali na kufika, na mamia wakafa. Wengi wao walizikwa Igoma, ndani ya Nyamagana hiyo hiyo. Watu wa visiwani nao wana msiba wao wa Septemba 2011, MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, nayo ikiwa imepakia kupita kiasi. Amplifaya si meli, wala spika iliyoungua haifananishwi na roho ya mtu. Lakini mtu aliyekulia mahali ambapo chombo kililala upande kisha kikazama, hapendi kusikia kwamba kuinama kidogo si neno. Huuliza kidogo kiasi gani, na kwa muda gani, na je, kikibebeshwa mzigo kitabaki hivyo hivyo.

Unguja ina funzo jingine linaloungana na hili. Mwaka 2008, kuanzia mwezi Mei, kisiwa kilikaa kiasi cha mwezi mmoja bila ya umeme kutoka bara. Na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kiza kilirudi kwa miezi mitatu. Waliokuwa na majenereta waliendesha vyombo vyao kwa umeme unaopanda na kushuka. Baada ya ukimya wa namna hiyo, furaha ya mtu ni kuwasha kila kitu kwa pamoja asikie nyumba ikilia tena. Fundi hukichelea zaidi kitambo hicho. Chombo kilichokaa muda mrefu, au kilichopigwa na umeme usiotulia, hakipaswi kukutana na spika yake kabla ya kukutana na mita.

Kwa mpiga besi asiye fundi, ipo sehemu ya kazi hii anayoweza kuichunga bila ya kufungua sanduku, kwani ndani ni hatari kwa asiyejua. Awashe chombo, ashushe sauti yote, aitazame spika. Ikiruka mbele au nyuma na kubakia huko, azime. Baada ya nusu saa ya kimya aguse bati la kupoozea: vuguvugu ni salama, linalomfanya aondoe mkono upesi lina habari ya kumpa fundi. Asikilize noti laini inavyofifia, kama inakufa kwa utulivu au kwa kukwaruza. Na spika ikiungua mara ya pili, asinunue ya tatu.

Yule mzee wa Nyamagana ana desturi moja ya mwisho. Kabla ya kufunga mfuniko huchukua kalamu ya wino mzito na kuandika kwa ndani, juu ya bati, mahali ambapo mpigaji hataona, wala kiongozi wa kikundi, wala bibi harusi. Huandika tarehe, kipimo cha bayasi, kipimo cha spika na dakika alizosubiri. Maandishi hayo hayana msomaji isipokuwa fundi mwingine, siku moja, pengine baada ya miaka kumi, pengine katika mji mwingine, atakayefungua skrubu zile zile na kutaka kujua kama aliyemtangulia alikaa au aliondoka. Kwenye amplifaya ya kijana yule imeandikwa: milivolti 8, dakika 40.